Kifurushi cha Vinywaji Melini: Hesabu ya Kupiga Kabla ya Kulipa

Msafiri wa Tanga anayepanda meli kubwa ya kitalii mara nyingi huwa ameitwa na mtoto au ndugu aliyeko Marekani, Uingereza au Uarabuni, na wachache hujipangia wenyewe safari za kutokea Durban au Dubai, ambako kampuni ya MSC huleta meli zake kwa misimu. Nauli ikishalipwa, kampuni ya meli huanza kumtumia abiria barua pepe za kumwuzia mambo mengine, na mojawapo ya yanayotangulia huwa ni kifurushi cha vinywaji: unalipa kiasi fulani kwa kila siku ya safari, kisha unaagiza kwenye baa na mikahawa ya meli bila kulipia glasi mojamoja. Barua hiyo ikifika katika kundi la WhatsApp la familia, mmoja husema ni nafuu, mwingine husema ni wizi, na wote wawili huwa hawajapiga hesabu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule ambaye familia itamwachia kazi ya kuamua.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa kaya nyingi za huku kwetu, ambamo wanywaji wa pombe ni wachache na chai hunywewa asubuhi na jioni, kifurushi chenye kileo hakirudishi fedha zake, na hata kile kisicho na kileo hurudisha kwa nadra. Zipo hata hivyo safari ambazo kukikataa ni hasara, na huwezi kuzitambua mpaka ukae chini na karatasi na kalamu.

Vinywaji vilivyomo ndani ya nauli

Hesabu isianze na bei ya kifurushi. Ianze na kile ambacho nauli imekwisha kukilipia. Katika meli za kampuni kubwa za Marekani, kama vile Royal Caribbean na Carnival, abiria hupata bila malipo maji, chai, kahawa ya kawaida, maziwa, sharubati ya limau na juisi ya wakati wa kifungua kinywa. Mtu aliyekulia Ngamiani, ambaye kwa siku nzima hunywa chai ya maziwa asubuhi, maji mchana na chai tena baada ya Alasiri, atagundua kwamba sehemu kubwa ya vinywaji vyake haihitaji kifurushi chochote. Ni kweli kwamba chai ya melini huwa ni maji ya moto na kifuko cha majani ya chai, wala haifanani na ile iliyochemshwa pamoja na tangawizi na iliki. Dawa yake ni kuomba maziwa ya moto na kubeba pakiti ya chai ya viungo ambayo haijafunguliwa. Birika la umeme liache nyumbani, kwa kuwa kampuni nyingi hupiga marufuku vyombo vya kuchemshia vyumbani kwa kuhofia moto, na litachukuliwa wakati mizigo inakaguliwa.

Suala la maji linastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo mazoea yetu hutugharimu. Sisi tumezoea kuchemsha maji ya bomba au kununua ya chupa, na tabia hiyo tunaipeleka hadi baharini, ambako chupa ya maji huuzwa kwa dola 3 hivi. Maji ya bomba ya melini aghalabu hutengenezwa humo humo kutokana na maji ya bahari, kwa kuyavukiza au kuyachuja chumvi kwa mitambo, kisha hutiwa klorini. Na meli zinazotumia bandari za Marekani hukaguliwa usafi wake, yakiwemo maji, na taasisi ya afya ya nchi hiyo iitwayo CDC. Yana harufu kidogo ya dawa, lakini ni salama. Beba chupa yako tupu yenye kifuniko, na unapochota kwenye mashine ya ukumbi wa chakula, chota kwanza kwa glasi safi kisha umimine chupani, maana meli nyingi hazipendi mdomo wa chupa uguse bomba ambalo abiria wote hulitumia. Msafiri aliyejiwekea utaratibu huu ameondoa chupa mbili au tatu za maji katika hesabu ya kila siku, na hiyo peke yake huweza kugeuza uamuzi. Hadhari moja: katika baadhi ya kampuni za Ulaya, MSC na Costa zikiwamo, maji ya mezani wakati wa chakula cha jioni huletwa kwa chupa na hutozwa fedha, hivyo mwenye kusafiri nazo asichukulie kwamba mambo ni yale yale.

Mnywaji wa kahawa chungu ajihesabie peke yake. Kahawa ya bure ni ile ya mtungi, nyepesi, na mtu aliyezoea vikombe vidogo vya barazani ataishia kununua espreso kwenye mkahawa wa meli kwa dola 4 hadi 6. Kama unajijua, iandike hiyo espreso kwenye karatasi tangu sasa, kwa sababu hesabu inayodanganya tabia za mwenyewe haimsaidii mtu.

Bei halisi, na idadi inayorudisha fedha

Bei ya kifurushi hubadilika kulingana na meli, msimu na urefu wa safari, lakini chenye kileo mara nyingi huangukia kati ya dola 60 na 110 kwa mtu kwa siku, na bei inayotangazwa si ile utakayolipa. Juu yake huongezwa bakshishi ya lazima ya asilimia 18 au 20. Kwa hiyo kifurushi cha dola 75, kikiongezwa asilimia 18, kinakuwa dola 88.50 kwa siku, na kwa safari ya usiku 7 ni dola 619.50. Kwa urahisi nimechukua dola 1 kuwa shilingi 2,500, ingawa wewe utaweka kiwango cha siku yako. Hapo kila mtu mmoja anadaiwa shilingi 1,548,750. Huwezi kukinunua kwa siku mbili unazozitaka tu: kampuni nyingi hutaka ulipie safari yote, pamoja na siku ya kwanza ambayo unapanda meli baada ya mchana.

Sasa ulinganishe na bei ya kulipia kila glasi, nayo ukiiongezea bakshishi ile ile, kwa kuwa hutozwa pia kwa mnunuzi wa glasi mojamoja. Bia ya dola 8 inafika dola 9.44. Kokteli ya dola 14 inafika 16.52, soda ya dola 3.50 inafika 4.13, espreso au kapuchino ya dola 5 inafika 5.90, na chupa ya maji ya dola 3 inafika 3.54. Ukigawa 88.50 kwa 9.44 utaona kwamba mnywaji wa bia anahitaji bia zaidi ya 9 kwa siku, kila siku, ndipo fedha yake irudi. Mnywaji wa kokteli anahitaji 5 na nusu hivi. Idadi hizo zinaonekana ndogo kwa mtu anayewaza siku moja ya furaha, lakini ni nzito zikirudiwa mara 7 mfululizo, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba wastani wa safari nzima ndio unaohesabiwa, wala si siku ile iliyochangamka kuliko zote.

Tofauti kubwa zaidi hutokana na siku za bandarini. Meli ikitia nanga asubuhi na kuondoka jioni, abiria aliyeshuka kutembea hukaa nchi kavu saa 6 au 8, na kifurushi chake hakifanyi kazi kwenye mikahawa ya mjini. Tuchukue kijana mmoja ambaye ni mnywaji wa wastani, katika safari ya usiku 7 yenye siku 3 za baharini na siku 4 za bandarini. Siku za baharini anakunywa bia 6, kapuchino 1 na chupa 2 za maji, jumla dola 69.62. Siku za bandarini, kwa kuwa anarudi jioni, anakunywa bia 3, kapuchino 1 na chupa 1 ya maji, jumla dola 37.76. Zidisha na ujumlishe: dola 208.86 za baharini na 151.04 za bandarini ni dola 359.90. Kijana huyu, ambaye hakuna atakayesema kwamba hanywi, angenunua kifurushi angepoteza dola 259.60, yaani shilingi 649,000. Chukua ratiba ya safari yako, weka alama kwenye siku za bandarini, na ufanye hesabu mbili kama nilivyofanya hapa. Anayefanya hesabu moja kwa siku zote hujikuta akiegemea upande wa muuzaji.

Lipo pia jambo ambalo haliandikwi kwenye karatasi ya bei. Aliyekwisha kulipa hujiona ana deni la kunywa. Ataagiza glasi ambayo hakuwa na hamu nayo, ataiacha nusu, na kesho yake ataagiza nyingine, sawa na mtu aliyenunua bando kubwa la intaneti ambaye usiku wa mwisho hutazama video asizozipenda ili bando lisiishe muda bure. Kunywa kwa sababu hiyo kusihesabiwe kuwa ni faida.

Asiyetumia kileo

Kwa Mwislamu, na kwa kila asiyekunywa pombe kwa sababu yoyote, kampuni huuza kifurushi kisicho na kileo, ambacho hujumuisha soda, kahawa za mashine, juisi freshi, maji ya chupa na kokteli zisizo na kileo. Bei yake mara nyingi ni dola 25 hadi 35 kwa siku. Tukichukua dola 30, pamoja na bakshishi ni 35.40. Mama anayekunywa chai ya bure asubuhi, kisha akanunua kokteli 2 zisizo na kileo za dola 9 kila moja, kapuchino 1 na chupa 1 ya maji, atatumia dola 30.68 katika siku ya baharini, na pungufu zaidi ya hapo siku ya bandarini. Hajafika. Akiongeza kokteli ya tatu kila siku atavuka, lakini ni watu wachache wanaoweza kunywa sukari kiasi hicho wiki nzima, na mwenye kisukari asijaribu.

Kifurushi cha soda pekee ni hesabu nyepesi. Kikiwa dola 12 kwa siku, pamoja na bakshishi ni 14.16, ambayo ni karibu soda 3 na nusu. Vijana waliozoea soda kila mlo huweza kukifaidi, na ndicho kifurushi pekee ambacho ningekinunua bila kusita kwa mtoto wa umri wa miaka 14. Lakini kabla ya hapo uliza kama kampuni inaruhusu kubeba. Carnival, kwa mfano, humruhusu kila abiria kupanda siku ya kwanza na makopo 12 ya soda au maji, na kwa familia ya watu wanne hayo ni makopo 48.

Nyongeza moja kwa wenye kujizuia kwa ajili ya dini. Bia inayoitwa isiyo na kileo katika nchi nyingi huruhusiwa kuwa na kileo hadi asilimia 0.5, na baadhi ya kokteli zinazouzwa kwa jina hilo hudondoshewa Angostura, dawa chungu ya kuongeza ladha ambayo yenyewe ina kileo cha asilimia 44.7. Mwulize mhudumu wa baa kila kinachoingia kwenye glasi. Iwapo baada ya kuuliza unabaki na soda na juisi tu, hesabu ya kifurushi ifanywe kwa soda na juisi hizo, si kwa orodha yote iliyochapishwa kwenye tangazo.

Kanuni ya chumba kimoja

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwani kanuni hii ina uzito kuliko bei. Kampuni kadhaa kubwa hutaka kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi chenye kileo, watu wazima wote wa chumba hicho wanunue pia. Umri wa mtu mzima katika kanuni hiyo ni miaka 21 kwa meli zinazoondokea Marekani, na kwa safari za Ulaya huwa ni 18. Sababu ni ya wazi: kampuni inaogopa kadi moja kunywesha watu wawili, kwa kuwa kadi ya chumba, ambayo kila abiria hupewa yake, ndiyo huchanjwa kwa kila agizo.

Fikiria mjomba kutoka Chumbageni asiyekunywa pombe, aliyewekwa chumba kimoja na mpwa wake anayekunywa. Mpwa akinunua, mjomba naye atatozwa, na kile kilichokuwa dola 619.50 kinakuwa dola 1,239 kwa ajili ya mnywaji mmoja. Huyo mpwa sasa anahitaji bia 18 na zaidi kwa siku, jambo ambalo hata kampuni yenyewe haimruhusu: kifurushi cha Carnival kiitwacho Cheers, kwa mfano, kina ukomo wa vinywaji 15 vyenye kileo kwa saa 24. Katika hali kama hiyo jibu ni hapana, na mjadala umekwisha.

Njia ya kwanza ya kuikwepa kanuni hii ni kupanga vyumba kwa busara wakati wa kuweka nafasi: wanaotaka kifurushi wakae pamoja, na wasiokitaka wakae pamoja. Kwa mume na mke hilo halifai, na sidhani kama kuna mke wa Tanga atakayekubali kuhamishwa chumba kwa ajili ya bia za mumewe. Njia ya pili ni kumpigia simu wakala au kampuni kabla ya safari na kueleza kwamba mwenzako hatumii kileo kwa sababu ya dini, ujauzito au maradhi. Baadhi ya kampuni huweza kumruhusu achukue kifurushi kisicho na kileo badala yake. Ombi hilo lisisubiri hadi mko melini, na jibu lipatikane kwa maandishi.

Pale ambapo kifurushi kinafaa

Kwanza ni safari zenye siku nyingi za baharini, kama zile za kuvuka bahari ya Atlantiki, ambamo meli hupita siku 5 au 6 bila kugusa bandari. Pili, na hii ndiyo inayosahauliwa, ni pale vinywaji vinapouzwa pamoja na mambo ambayo ungeyalipia kwa vyovyote. Kampuni ya Princess ina mpango uitwao Princess Plus, unaounganisha vinywaji, intaneti na bakshishi ya wafanyakazi, ambayo ni mbali na ile inayoongezwa kwenye vinywaji. Msafiri wa Tanga ambaye lazima azungumze na nyumbani kila usiku angenunua intaneti hata hivyo, na bakshishi ya wafanyakazi hutozwa kila siku apende asipende. Kwa hiyo usilinganishe bei yote na vinywaji. Tuseme mpango kama huo ni dola 65 kwa siku, intaneti ingekuwa dola 20, na bakshishi dola 17: zilizobaki kwa vinywaji ni dola 28 tu, na dola 28 ni kokteli 2 au bia 3 hivi. Hapo hata mnywaji wa kiasi, au mpenda kahawa mwenye soda zake mbili, huweza kufaidika.

Neno "bure" nalo lichunguzwe. Norwegian Cruise Line imezoea kuingiza kifurushi cha vinywaji ndani ya ofa ya nauli, lakini bakshishi ya asilimia 20 hutozwa abiria kwa kufuata bei kamili ya kifurushi hicho. Kikiwa na bei ya dola 100 kwa siku, utalipa dola 20 kila siku, yaani 140 kwa usiku 7. Kwa mnywaji ni nafuu kubwa. Kwa asiyekunywa ni kulipia kitu asichokigusa, na inafaa amwombe wakala bei ya nauli isiyo na ofa hiyo.

Kununua, na kufuatilia hesabu

Ukiamua kununua, nunua kabla ya kusafiri, kwenye akaunti yako katika tovuti ya kampuni, kwa kuwa bei ya melini kwa kawaida huwa juu. Baada ya kununua endelea kutazama bei. Kampuni nyingi huruhusu kufuta na kununua upya hadi siku chache kabla ya safari, na bei ikishuka unabaki na tofauti mfukoni. Kabla ya kubonyeza, soma vitu visivyojumuishwa: friji ndogo ya chumbani, chupa nzima ya mvinyo, vikombe vya ukumbusho, na glasi zinazozidi kikomo cha bei, ambacho kwa Cheers ya Carnival ni dola 20. Kama mnywaji wenu ni wa mvinyo tu, kumbuka kwamba Royal Caribbean na Carnival humruhusu kila mtu mzima kupanda siku ya kwanza na chupa moja ya mililita 750, na huenda hiyo ikamtosha.

Asiyenunua kifurushi atategemea hesabu ya chumba, yaani akaunti ya melini ambamo kila agizo huandikwa. Ukiiunganisha na kadi ya benki ya kawaida, kampuni huweza kuzuia fedha kwenye akaunti yako kila siku, na fedha hizo huchelewa kuachiwa. Mwenye salio dogo ni heri aweke dola taslimu kwenye dawati la wageni tangu siku ya kwanza. Kila agizo litaleta karatasi ya kusaini, na karatasi hiyo huwa na mstari mmoja ulioandikwa bakshishi iliyokwisha kuongezwa, kisha chini yake mstari mwingine ulioachwa wazi kwa bakshishi ya ziada. Huo wa chini si wa lazima. Upige mstari, andika jumla ile ile, ndipo usaini. Hesabu yenyewe tazama kwenye runinga ya chumbani au kwenye programu ya simu kila baada ya siku mbili, na kosa lolote, iwe ni bia isiyo yako au kokteli iliyoandikwa mara mbili, lipeleke dawatini kabla ya usiku wa mwisho, kwa kuwa asubuhi ya kushuka foleni hapo huwa ndefu na basi la uwanja wa ndege halingoji.